Taa ya Ulaya na Taa ya Kienyeji

Sisi tukaao katika kijiji cha Ulaya, katika njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi, tumezoea kuchekwa na wageni kwa ajili ya jina la kijiji chetu. Mmoja wetu akisema mjini, "Mimi natoka Ulaya," watu humtazama miguuni waone amevaa viatu gani. Maana jina hilo ndilo Waswahili waziitalo nchi za Wazungu, na tangu zamani kila kitu kilicholetwa kwa meli kiliitwa kitu cha Ulaya: nguo ya Ulaya, kiberiti cha Ulaya, taa ya Ulaya. Na kila kilichofanywa hapa kwa mikono yetu kiliitwa cha kienyeji. Maneno hayo yaliingia kwanza vinywani, kisha yakashuka mioyoni, yakawa hukumu: cha Ulaya ni chema, cha kienyeji ni duni. Katika vyote vilivyohukumiwa hivyo, kuku wa kienyeji peke yake ndiye aliyeshinda rufani, maana leo huuzwa kwa bei kubwa kuliko mwenziwe.

Katika insha hii twataka kuisikiliza tena kesi ya taa. Vijana wetu husema, na hata watu wazima husikiwa wakisema, kwamba wazee wa zamani walikaa gizani mpaka wageni walipowaletea mwanga. Tena kibatari, ile taa ndogo ya bati isiyo na kioo, ambayo wengine huiita koroboi, imepewa jina la taa ya maskini. Na siku umeme ufikapo nyumbani hutupwa jalalani kama mtu atupavyo nguo ya aibu. Twaona kwamba katika usemi huo mambo mawili yamechanganywa. Giza la moyo, ambalo wahubiri hutufundisha habari zake, ni jambo moja. Giza la nyumba wakati wa usiku ni jambo jingine. Mtu aweza kuketi chini ya taa kumi za umeme naye moyo wake u gizani. Na mwingine aweza kusali kando ya kijinga cha moto naye ana nuru. La moyo twawaachia wachungaji wetu. Sisi walimu tulitazame la nyumba, tuulize: wazee wetu waliwasha nini? Nani aliifanya taa yao? Na kila mara taa ilipobadilika, tulipata nini, na ni kazi gani iliyotutoka mikononi?

Ili tusipotee njiani, tukumbuke kwamba taa yo yote ya mafuta ina vitu vitatu: chombo, mafuta na utambi. Tutavihesabu vitatu hivyo kila tufikapo kituo.

Tuanze na mwanga wa kwanza. Huku bara, taa ya kila nyumba ilikuwa moto wa mafigani. Moto huo ulipika chakula, ulifukuza baridi na wanyama, tena uliwaangazia watoto walipokuwa wakisimuliwa hadithi. Mtu aliyetaka kutoka nje alichukua kijinga, au alifunga nyasi kavu zikawa mwenge. Lakini elimu ya mafuta haikukosekana. Mbono, ambao wengine huuita mbarika, huota vizuri katika nchi zetu hizi hata kando ya nyumba. Mbegu zake hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa katika maji mengi hata mafuta yakaelea juu, ndipo yanapoenguliwa. Wazee walijipaka mafuta hayo mwilini, wakalainishia ngozi. Tena yakitiwa katika kigae pamoja na utambi wa pamba, huwaka kwa mwali mtulivu. Ufuta nao hutoa mafuta ya namna hiyo.

Katika miji ya pwani taa ya mafuta ni jambo la kale sana. Huko waliwasha mafuta ya nazi na ya ufuta, na lugha yetu yenyewe yashuhudia ukale huo. Neno kandili na neno fanusi tuliyapokea kwa Waarabu, nao Waarabu waliyapata kwa Warumi na Wayunani. Neno mshumaa nalo ni la Kiarabu. Basi twaona kwamba hata taifa lenye sifa kubwa halikuzua kila kitu peke yake. Taa imepita mkono kwa mkono tangu mwanzo, na kupokea kwa mwenzio si aibu.

Haya, tuhesabu. Katika taa hiyo ya kwanza, chombo kilitoka kwa mfinyanzi, ambaye katika nchi hizi mara nyingi alikuwa mwanamke. Mafuta yalitoka kwa mkulima. Utambi ulitoka kwa yule aliyesokota pamba. Vitu vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vya kienyeji. Lakini tusizidishe sifa. Mwanga wake ulikuwa mdogo, na mafuta yake yalikuwa ya kazi nyingi: mwanamke aliyetwanga na kuchemsha kutwa nzima hakupenda kuona jasho lake likiteketea usiku bure. Kwa hiyo watu walilala mapema, na taa iliwashwa kwa haja kubwa, kama vile mgonjwa, mzazi au msiba.

Sasa tuangalie njia ya misafara. Nchi yetu haikuwa pembeni ya dunia. Njia kubwa iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika bonde la mto Mkondoa, karibu na mahali ulipo mji wa Kilosa leo. Burton na Speke walipita katika nchi ya Usagara mwaka 1857. Stanley naye, alipokuwa akimtafuta Dakta Livingstone mwaka 1871, alitaabika sana na matope ya mbuga ya Mkata wakati wa masika, kisha akafuata bonde hilo hilo la Mkondoa. Mizigo iliyopanda kutoka pwani ilikuwa zaidi nguo, ushanga na nyaya za shaba. Mizigo iliyoshuka ilikuwa zaidi pembe za ndovu. Baadaye nta ya nyuki pia ikawa bidhaa kubwa ya nchi hii kupelekwa ng'ambo.

Hapa tusimame kidogo. Nta ndiyo kitu cha kufanyia mshumaa. Warina asali wetu walipanda miti usiku, wakaumwa na nyuki, wakatoa asali na nta. Nta ikachukuliwa kwa meli. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na wale wa C.M.S. walifika Mpwapwa mwaka 1876, kisha wakajenga Mamboya katika Ukaguru. Katika makanisa mengi mishumaa ya nta huwashwa altareni wakati wa ibada, na kwa desturi ya kale nta hiyo hupaswa kuwa ya nyuki. Basi asemaye kwamba Afrika ilikuwa ikingojea tu kuletewa mwanga, aangalie vizuri mizigo iliyokuwa ikishuka pwani: ndani yake mlikuwamo mwanga mwingi, ila ulikuwa haujawashwa.

Badiliko kubwa lilikuja kwa mafuta ya ardhini. Mwaka 1853, katika mji wa Lwów uliokuwa chini ya Austria wakati huo, mwuza dawa mmoja aitwaye Ignacy Łukasiewicz alitengeneza taa ya kuwasha mafuta yaliyosafishwa kutoka mafuta mazito ya ardhini. Na mwaka huo huo taa yake iliwaangazia madaktari wa hospitali ya mji ule walipompasua mgonjwa usiku. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kuanzia hapo mafuta ya taa yalienea duniani kwa haraka sana, maana yalikuwa rahisi, yaliwaka kwa mwali mweupe, wala hayakuwa na kazi ya kutwanga. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuijua Marekani kwa nguo yake waliyoiita merekani. Sasa wakaijua kwa mafuta yake.

Mafuta hayo yalikuja katika makopo makubwa ya bati yenye pembe nne, mawili mawili katika kasha la mbao. Kopo moja lilichukua kadiri ya galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 au zaidi kidogo. Watu wetu wakaliita debe, kwa neno lililotoka Uhindi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukichukuliwa kichwani na mpagazi kwa majuma mengi sasa ulifika kwa siku chache, na duka la mafuta ya taa likawa jambo la kawaida.

Ndipo mfinyanzi na mkamua mafuta waliposhindwa. Hakuna aliyewapiga marufuku. Walishindwa na bei na wepesi. Mwanamke aliyeweza kununua mafuta ya senti chache hakukaa tena kutwa nzima akichemsha mbono kwa ajili ya taa, nasi hatuwezi kumlaumu. Mafuta, basi, yakatutoka mikononi. Lakini, wasomaji, angalieni jambo la ajabu lililofuata. Mafuta yalipokwisha, debe lilibaki.

Wageni walilihesabu debe kuwa kitu cha kutupa. Watu wetu hawakulitupa. Debe likawa chombo cha kutekea maji. Likawa kipimo: hata leo katika masoko mengi twasema debe la mahindi, ingawa mafuta yalikuwa ndani yake zamani za babu zetu. Likafunguliwa na kunyoshwa, likawa kipande cha paa au cha mlango. Na fundi bati akalitia mkasi, akatoa ndani yake ndoo, karai, faneli, kopo la kunywea, na taa.

Tueleze jinsi kibatari kifanywavyo, maana huenda wajukuu wetu wasikione tena. Fundi hutwaa kopo dogo, la maziwa au la rangi, au hukata kipande cha bati akakikunja kuwa mviringo na kukitia kitako. Kisha hukata kifuniko kinachoshika barabara, akatoboa tundu katikati. Hukunja kijipande kingine cha bati juu ya msumari, kikawa mrija mwembamba, akautia katika lile tundu hata ukasimama wima, nusu juu na nusu chini. Hapo ndipo kazi ya kulehemu inapoanza. Chuma cha kulehemia kina kichwa cha shaba nyekundu. Hukitia katika makaa hata kipate moto wa kutosha, wala kisizidi, kisha hukigusisha risasi iliyochanganywa na bati, nayo huyeyuka na kushika mahali pa kuungia. Mwisho hutia mkono wa kushikia, na utambi wa pamba, au kitambaa kikuukuu kilichosokotwa. Kazi yote ni ya muda mfupi kwa mkono uliozoea. Lakini mrija ukiwa mpana kuliko utambi, moto huweza kushuka ndani. Kifuniko kikilegea, mafuta humwagika. Na mahali pa kuungia pakiwa na tundu dogo tu, nyumba nzima i hatarini. Kwa hiyo fundi aliyejulikana kwa kazi safi alitafutwa kutoka vijiji vya mbali.

Tuhesabu tena. Katika kibatari mafuta yalikuwa ya Ulaya, yaani ya ng'ambo; lakini chombo kilirudi kuwa chetu, na utambi pia. Viwili katika vitatu. Kulikuwa na taa nyingine nzuri zaidi: fanusi za Dietz kutoka Marekani na Feuerhand kutoka Ujerumani, zenye kioo kinachozuia upepo, na karabai za pampu zilizoangaza ukumbi mzima wa arusi. Hizo zilikuwa bora bila shaka, tena moshi wake ulikuwa mdogo. Lakini chombo, kioo na utambi wake wa kufumwa vyote vilinunuliwa, na kioo kikivunjika taa ilikaa rafuni ikingoja fedha. Mwenye fanusi iliyovunjika kioo, je, alikwenda kwa nani usiku huo? Alikwenda kwa jirani mwenye kibatari.

Sasa tufike kwenye mafunzo ya vita. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wadachi, yaani Wajerumani. Mwaka 1915 manowari za Waingereza zilifunga pwani yote, na katika miaka ile ni meli mbili tu za Kidachi zilizofanikiwa kupenya, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916, nazo zilileta zaidi silaha na vitu vya vita. Maduka yakawa matupu. Ndipo Wadachi, wenye viwanda vikubwa kwao, walipolazimika kurudi kwenye elimu iliyokuwamo katika nchi hii: pamba ikasokotwa na kufumwa kwa mikono, na mishumaa ikatengenezwa kwa nta na mafuta ya wanyama. Wakati Waingereza walipoingia Kilosa na Morogoro katika Agosti 1916, kitu kilichokuwa kimedharauliwa kwa jina la kienyeji kilikuwa kimekwisha kuwa kimbilio la wenye nguvu. Habari ya wanawali kumi twaijua sote. Taa wote walikuwa nazo. Shida ya watano ilikuwa kwamba mafuta yao yalikuwa bado kwa wauzaji, na usiku ulikuwa umekwisha kuingia.

Shida hiyo ilitupata tena baada ya uhuru. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda ghafula, na kufikia mwaka 1974 ilikuwa kama mara nne ya ilivyokuwa. Katika miaka ya kwanza ya 1980 bidhaa nyingi ziliadimika nchini, mafuta ya taa pamoja nazo. Hapo kibatari kilionyesha faida nyingine, nayo ni uchache wa chakula chake: mrija wake mwembamba hunyonya mafuta kidogo tu, hata kibaba kidogo kikatosha kwa siku nyingi.

Na kazi kubwa iliyofanywa kwa mwanga wa namna hiyo katika miaka ile isisahauliwe. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kadiri ya theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vita juu ya ujinga vikapigwa katika kila kijiji. Upimaji wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wameshuka hadi kama 39 katika kila watu wazima 100. Wakulima waliolima mchana walikuwa na jioni na usiku tu wa kukariri herufi zao. Umeme vijijini haukuwapo. Basi waliinama juu ya kitabu, na baina ya kitabu na macho kulikuwa na taa, na mara nyingi taa hiyo ilikuwa kazi ya fundi bati. Kama kibatari kingekuwa na kinywa, kingeweza kusema, "Mimi ni mwalimu msaidizi, ila jina langu halimo katika daftari la mishahara."

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine lilitokea karibu nasi. Huko Kidatu, kusini ya Mikumi, mto Ruaha Mkuu ulizuiwa, na mwaka 1975 umeme ukaanza kutoka. Kazi yote ilipokwisha, mitambo ya Kidatu iliweza kutoa megawati 204, na umeme ule ukapelekwa kwa nyaya kubwa mpaka Morogoro na Dar es Salaam. Mito yetu ilianza kuangazia mji mkubwa, na watu wa vijiji vingi vya wilaya zetu waliendelea miaka mingi kuwasha vibatari. Hatusemi hivi kwa kinyongo. Viwanda na hospitali za mjini ni vya taifa zima. Twasema ili ijulikane kwamba kukaa bila umeme hakukuwa uvivu wala ujinga wa wanakijiji.

Hata hivyo, mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuficha aibu ya mpenzi wake. Kibatari kina makosa makubwa. Moshi wake mweusi huingia mapafuni, na masizi yake huonekana asubuhi katika pua za watoto. Macho huwasha. Mwali wake hauna kioo, nao umeunguza shuka, vyandarua na mapaa ya nyasi. Watoto wengi wamebaki na makovu, na wengine hawakupona. Mama aliyepoteza mtoto kwa moto wa kibatari hawezi kuambiwa habari za sifa zake. Kwa hiyo hatuombi kibatari kirudi. Kiondoke kwa amani.

Na kweli kinaondoka. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, na wakala wa kupeleka umeme vijijini akaanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanya biashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Bei ikapanda, na watu wakakimbilia tochi ndogo za betri na taa za nguvu ya jua. Taa hizi mpya ni safi, hazina moshi, haziunguzi nyumba, na mtoto husoma chini yake bila kukohoa. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini tuhesabu kwa mara ya mwisho. Katika taa ya jua, chombo ni cha ng'ambo, na kile kiwakacho ndani yake ni cha ng'ambo. Jua peke yake ndilo letu, nalo si kazi ya mikono yetu. Tena taa hiyo ikifa, mara nyingi hatuna mtu kijijini awezaye kuifungua. Tumepata mwanga mwingi kuliko wakati wo wote, na mikono yetu imo ndani yake kidogo kuliko wakati wo wote. Wazee walituonya wakasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu hapa si kile kibatari chenye moshi. Mbachao wetu ni ufundi wenyewe: jicho la kutazama kitu kilichotupwa na kuona ndani yake chombo, na mkono wa kukikata na kukilehemu.

Yawezekana ufundi ukaishi baada ya haja yake ya kwanza kufa? Yawezekana. Tuchukue mfano wa mbali. Katika nchi ya Vietnam, upande wa mashariki ya Asia, uko mji uitwao Hội An, karibu na mdomo wa mto Thu Bồn. Katika karne ya 16 na ya 17 ulikuwa bandari kubwa, na wafanya biashara wa Kijapani na wa Kichina walikaa humo. Watu wa mji ule hutengeneza taa za kutundika kwa mianzi na hariri. Mianzi hulowekwa katika maji ya chumvi ili isiliwe na wadudu, hukaushwa, hupasuliwa kuwa fito nyembamba, hupindwa na kufungwa kama mbavu. Kisha hariri ya rangi nyekundu, njano au buluu huvutwa juu yake na kugandishwa, hata ikaonekana kama boga linalong'aa. Fundi mwenye akili huifanya taa yake iweze kukunjwa kama mwavuli, ili mgeni aichukue mkobani.

Watu wa Hội An nao wana umeme. Wangeweza kusema kwamba taa ya hariri imepitwa na wakati. Badala yake, tangu mwaka 1998, katika siku ya 14 ya kila mwezi kwa hesabu ya mwandamo, huzima taa za umeme katika mji wa kale, wakatundika taa zao za hariri katika kila mlango. Wageni kutoka pande zote za dunia huenda kutazama, na taa zile huuzwa nchi za mbali. Mwaka 1999 mji ule uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Angalieni walivyofanya: hawakuilazimisha taa ya kale ishindane na umeme, bali waliipa kazi nyingine.

Na mfano wa karibu upo, tena katika Afrika yetu ya Mashariki. Katika miaka ya kwanza ya 1980, mafundi bati wa Nairobi, wale waitwao jua kali kwa sababu hufanya kazi nje juani, walianza kutengeneza jiko jipya la makaa. Wazo lake moja lilitoka kwa majiko ya Thailand. Lakini mafundi wetu waliligeuza umbo likafaa sufuria na mapishi ya huku. Nje ni bati lililokatwa kwa mkasi ule ule wa kukatia kibatari. Ndani ni udongo uliochomwa, kazi ya mfinyanzi. Jiko hilo hutumia makaa machache sana kuliko jiko la bati tupu, na majiko ya namna hiyo yameenea mpaka kwetu Tanzania. Mfinyanzi aliyeshindwa na debe zamani za reli, na fundi bati aliyelishinda debe, sasa wamekutana katika chombo kimoja. Misitu ya milima yetu, ikatwayo kila siku kwa ajili ya makaa, ina faida katika mkutano huo.

Basi, wapenzi wasomaji, rai yetu ni hii. Kwanza, kibatari cha mwisho cha nyumbani kisitupwe jalalani. Kisafishwe, kitolewe mafuta, kipelekwe shuleni, kiwekwe juu ya rafu, na mwalimu awaeleze watoto habari zake na makosa yake pamoja. Pili, fundi bati mzee aliye kijijini asiachwe afe na elimu yake. Wazazi wampelekee vijana wawili watatu wajifunze kukata na kulehemu kwa majiko, makarai na ndoo za kumwagilia bustani. Tatu, vijana wanaojifunza mambo ya umeme mijini waje kufundisha jinsi ya kuitengeneza taa ya jua iliyoharibika, ili hesabu yetu isiwe bure mikononi. Mkono uliozoea kulehemu bati una njia fupi ya kujifunza kulehemu waya.

Na kijana atakayesema tena kwamba wazee wetu walikaa gizani, tumjibu kwa upole. Tumwambie kwamba wengine wao walikamua mafuta ya taa kwa mikono yao wenyewe. Kwamba nta ya misitu yao iliwaka katika makanisa ya mbali. Na kwamba mgeni alipowaachia kopo tupu, waliligeuza kuwa taa, na kwa taa hiyo babu yake mwenyewe huenda alijifunza kusoma. Sisi wa kijiji hiki, tunaochekwa kwa jina letu, tuna sababu ya kulisema neno hili kuliko wengine wote: iko taa ya Ulaya iliyokuja kwa meli, na iko taa ya Ulaya iliyotoka katika mkono wa fundi wetu. Zote mbili zimetuangazia, na kila moja yastahili shukrani yake.